Shajara ya mradi: vioo na taa juu ya kabati la sinki mbili

Ukuta ungali mtupu

Kabati la sinki mbili limeshaagizwa kwa seremala, lakini meza yake ya jiwe haijakatwa na ukuta wa nyuma yake haujapigwa vigae. Huu ndio wakati pekee ambapo uamuzi kuhusu taa unaweza kufanywa bila kubomoa kitu, kwa hiyo nimeomba kazi zote za ukuta huu zisimame kwanza mpaka ijulikane kila waya utatokea wapi. Kabati litakaa katikati ya kuta mbili za pembeni, limebanwa kila upande, na upana wake ni sentimita 180. Uso wa meza utakuwa sentimita 86 kutoka sakafuni, na juu ya meza kutakuwa na mstari wa kigae wenye kimo cha sentimita 10 wa kuzuia maji yasipenye ukutani.

Mchoro wa awali ulikuwa na kioo kimoja kirefu kutoka ukuta hadi ukuta na taa nne za kuzama darini juu yake. Mpango huo ni rahisi kufunga, na chumba huonekana kipana kwa sababu hiyo. Nimeukataa, na ningependa sababu ziandikwe hapa mapema kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yametokana nazo. Kioo hakitoi mwanga. Kinarudisha kile tu kilichokwisha kuanguka juu ya uso wa mtu aliyesimama mbele yake, na kama uso huo uko gizani, kioo kitaonyesha giza hilo kwa uaminifu hata kikiwa cha bei kubwa namna gani. Mtu anayenyoa ndevu, anayepaka wanja au anayekagua jicho lililoingia mchanga hahitaji kioo kiwe na mwanga. Anahitaji shavu lake la kushoto na la kulia, kidevu chake na sehemu ya chini ya nyusi zake ziwe na mwanga. Ndiyo maana mradi huu hauanzi na kioo. Unaanza na mahali ambapo uso utakuwa, kisha taa, halafu kioo kinajazwa katika nafasi iliyobaki.

Jaribio la jioni

Ukuta ukiwa bado ni plasta tupu, tumefanya jaribio ambalo ningemshauri kila mtu alifanye kabla ya kununua taa yoyote. Tulisubiri giza liingie, tukazima taa zote, tukaegemeza kioo cha chumbani ukutani juu ya meza ya muda ya mbao, na mke wangu akasimama pale atakaposimama kila asubuhi. Mimi nilishika taa ya mkononi na kuihamisha.

Taa ilipokuwa juu ya kichwa chake, karibu na dari, mashimo ya macho yalijaa kivuli, kivuli cha pua kikashuka hadi kwenye mdomo wa juu, na shingo ikapotea kabisa chini ya kidevu. Nilipoisogeza mbele kidogo, ikawa juu ya ukingo wa meza badala ya juu ya kichwa, vivuli vilipungua lakini havikuondoka. Nilipoishusha hadi usawa wa macho upande wa kushoto, nusu ya uso ilifunguka yote, na nusu ya pili ikabaki nyeusi, mstari wa mpaka ukipita katikati ya pua. Tulipoongeza taa ya pili upande wa kulia kwa kimo kilekile, mstari ule ukafutika. Ngozi ya chini ya macho ilionekana, ukingo wa taya ulionekana, hata vinyweleo vidogo kando ya sikio.

Tulijaribu pia taa moja iliyolala juu ya kioo. Hii ni bora kuliko taa ya dari, kwa sababu mwanga unatoka mbele, na mahali ambapo hakuna nafasi ya pembeni ndiyo njia ya kufuata, hasa kama meza ni ya rangi nyeupe na inarudisha sehemu ya mwanga kwenda juu chini ya kidevu. Lakini kwetu nafasi ya pembeni inaweza kupatikana, na baada ya kuona tofauti hiyo kwa macho sioni sababu ya kuridhika na ya pili kwa ubora.

Uamuzi: taa za ukutani, zilizosimama wima, pande zote mbili za kila uso. Taa za dari zitabaki mbili tu, kwa ajili ya kuangaza chumba kwa jumla, na zitakuwa na swichi yao.

Vimo viwili mbele ya ukuta mmoja

Mimi nina kimo cha sentimita 183 na mke wangu ana sentimita 157. Macho ya mtu yako takriban sentimita 11 hadi 12 chini ya utosi, kwa hiyo macho yangu yako kwenye sentimita 171 na yake kwenye 146. Tofauti ya sentimita 25 si ndogo, na taa yenye balbu moja ya duara ikifungwa mahali panapomfaa mmoja, mwingine ataipata kwenye paji la uso au kidevuni. Wastani wa vimo vyetu vya macho ni sentimita 158 na nusu, nasi tumeuzungusha kuwa 160. Taa ndefu ya wima yenye urefu wa sentimita 45, kitovu chake kikiwa kwenye 160, inaanzia 137.5 na kuishia 182.5, na macho yangu na yake yote yanaingia ndani ya masafa hayo. Hapo swali la umbo la taa lilijijibu lenyewe. Taa ndefu ina faida nyingine pia: kadiri eneo linalotoa mwanga linavyokuwa kubwa, ndivyo kivuli kinavyokuwa laini na ndivyo jicho linavyochoka kidogo likiitazama.

Kimo cha kioo kina hesabu yake, na nimeshangaa jinsi mafundi wengi wanavyokikadiria kwa macho wakati kanuni ni rahisi. Mwanga hurudi kutoka kwenye kioo kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Kwa hiyo, ili mtu aone utosi wake, ukingo wa juu wa kioo unahitaji kufika nusu ya njia kati ya macho na utosi, na si zaidi. Na ili aone kifua au kiuno, ukingo wa chini unahitaji kushuka hadi nusu ya njia kati ya macho na sehemu hiyo. Umbali wa mtu kutoka kwenye kioo haubadilishi jambo hili hata kidogo. Kwangu mimi, nusu ya njia kati ya 171 na 183 ni 177. Kwa mke wangu, ambaye anataka kuona kola na vifungo vya juu vya nguo hadi kimo cha sentimita 100 hivi, nusu ya njia kati ya 146 na 100 ni 123.

Kioo kinachoanzia 105 na kuishia 190 kinatutosha sisi wote na kinabakiza ziada. Kwa ukingo wa juu wa 190, hata mgeni mwenye kimo cha sentimita 196 ataona utosi wake bila kuinama. Chini, sentimita 105 ni sentimita 19 juu ya uso wa meza, umbali unaokiweka kioo mbali na maji yanayoruka bomba likifunguliwa kwa nguvu. Kimo cha kioo basi ni sentimita 85.

Kuhusu kioo kimoja au viwili, nimeshapima pande zote. Kioo kimoja kirefu kina heshima yake: hakina mpaka katikati, kinasafishwa kwa mkono mmoja, na chumba chembamba kinapata kina. Lakini kikitandazwa ukuta mzima, taa za pembeni hazina pa kukaa isipokuwa kioo kitobolewe ili waya upite, na kila tundu kwenye kioo ni mahali ambapo unyevu utaingia nyuma yake. Kuna wanaofanya hivyo vizuri. Mimi nimechagua vioo viwili, kila kimoja juu ya sinki yake, na ukuta unaobaki kati yao uwe makao ya taa.

Tuliangalia pia vioo vya duara, kwa sababu vinapendeza. Kioo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 70 kina upana huo katikati tu. Kinapokaribia juu na chini kinapungua upesi, na hapo ndipo hasa mtu mrefu na mtu mfupi wanapokihitaji. Kwa watu wenye vimo vinavyokaribiana, duara lingefaa.

Sentimita tatu

Hapa ndipo mradi ulipochukua muda mwingi zaidi, na pia ndipo nilipofurahia zaidi.

Seremala alikuwa amechora sinki kwenye robo ya kwanza na robo ya tatu ya kabati, yaani vitovu vyake vikiwa sentimita 45 na sentimita 135 kutoka ukuta wa kushoto. Ni mgawanyo wa kawaida na jicho halina ugomvi nao. Tatizo linaonekana mara taa zinapowekwa kwenye mchoro. Taa nne, mbili kwa kila kioo, zingefanya taa mbili za katikati zikae karibukaribu kama watu wawili wanaogombea kiti kimoja, kwa hiyo tumekubaliana na taa tatu: moja katikati kabisa ikihudumia nyuso zote mbili, na moja kila mwisho. Taa ya katikati itakuwa kwenye sentimita 90. Taa za mwisho zina upana wa sentimita 6 na zinahitaji sentimita 3 za nafasi kutoka kwenye ukuta wa pembeni ili zifungwe na kusafishwa, kwa hiyo kitovu cha taa ya kushoto ni sentimita 6.

Sasa mtu akisimama kwenye sentimita 45, taa ya katikati iko sentimita 45 kutoka kwake na ile ya mwisho iko sentimita 39. Kioo cha upana wa sentimita 60 kikiwekwa juu ya sinki hiyo kinaanzia 15 na kuishia 75, nafasi kati yake na taa ya mwisho inakuwa sentimita 6, na kati yake na taa ya katikati inakuwa sentimita 12. Upande mmoja ni mara mbili ya mwingine. Mwanga wenyewe usingeharibika sana kwa tofauti hiyo, lakini jicho lingeiona kila siku, na mtu angebaki akijiuliza ni nini kisichokaa sawa.

Ningeweza kusogeza kioo badala ya sinki, lakini kioo kisichokuwa juu ya kitovu cha bomba ni kasoro mbaya kuliko ile ya kwanza. Nilimpigia seremala, ambaye alisema, “Mzee, sinki hukaa robo na robo, ndivyo tunavyofanya siku zote,” kisha akasubiri kwa subira wakati namweleza hesabu. Tukisogeza kila sinki sentimita 3 kuelekea katikati, vitovu vinakuwa 48 na 132. Taa ya katikati inakuwa sentimita 42 kutoka kwenye kila kitovu, na taa ya mwisho vilevile sentimita 42. Kioo kinaanzia 18 na kuishia 78. Kushoto kuna sentimita 9 hadi kwenye ukingo wa taa, na kulia kuna sentimita 9 hadi kwenye ukingo wa taa nyingine. Umbali kati ya vitovu vya sinki mbili unabaki sentimita 84, na watu wawili wanaweza kusimama wakipiga mswaki pamoja bila kugongana viwiko. Seremala alipoona namba zinafungana, alikubali papo hapo, akahamisha kigawanyo cha droo za katikati kwa kiasi hicho hicho, na mkata jiwe amepewa kipimo kipya.

Kama kabati lingekuwa na upana wa sentimita 150, mpango huu usingewezekana kwa vioo vya sentimita 60. Vioo vingelazimika kupungua hadi sentimita 50 au chini yake, au taa zihamie juu ya vioo. Nalisema kwa ajili ya yeyote atakayetaka kuiga vipimo hivi bila kupima kabati lake.

Baada ya hapo tulikata maboksi kwa ukubwa wa vioo na vipande vyembamba kwa ukubwa wa taa, tukavibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, tukaviacha. Kila aliyeingia alisimama mbele yake. Hakuna kilichobadilishwa.

Taa zenyewe

Nimepitia taa nyingi, na nimegundua kwamba maandishi madogo kwenye boksi ndiyo yanayosema ukweli kuliko picha.

La kwanza nililotafuta ni uaminifu wa rangi, kipimo kinachoandikwa CRI au Ra. Taa nyingi za LED za kawaida zina Ra ya 80. Hiyo inatosha ukumbini na kwenye korido, lakini mbele ya kioo nataka 90 au zaidi. Tena kipimo cha Ra ni wastani wa rangi nane za kujaribia ambazo zote ni rangi hafifu, na wekundu mkali haumo kati yake. Unapimwa peke yake kwa namba inayoitwa R9. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi, ya maji ya kunde au nyeupe, inabeba wekundu wa damu chini yake, na taa yenye R9 ndogo huifanya ionekane ya kijivu, kana kwamba mtu ameugua. Kwa hiyo, mtengenezaji anapoitaja R9, na ikiwa 50 au zaidi, mimi naiweka taa hiyo mbele ya nyingine.

La pili ni joto la rangi, linalopimwa kwa kelvini. Balbu ya zamani ya waya ilikuwa karibu 2700, mwanga wa manjano. Mwanga wa mchana kweupe uko kati ya 5500 na 6500, na huo una ubuluu. Mke wangu alitaka 4000 kwa sababu anatoka nyumbani asubuhi na angependa kujiona kama atakavyoonekana nje. Mimi nilitaka 2700. Tulijaribu balbu hizo mbili usiku pamoja na ya 3000, tukasimama mbele ya kioo kwa zamu, na 3000 ikashinda: rangi ya nguo ilisomeka sawasawa, na ngozi haikuwa na ubaridi. Muhimu zaidi ya namba yenyewe ni kwamba taa zote za chumba zifanane. Taa za ukutani za 3000 zikichanganywa na za dari za 4000, uso unapata rangi mbili na hakuna kioo kitakachorekebisha hilo. Taa za dari nazo zimeagizwa za 3000.

Kuhusu wingi wa mwanga, kila taa tuliyochagua inatumia wati 10 na kutoa lumeni 850, kiasi kinachokaribiana na balbu ya zamani ya wati 60. Tatu zinatoa lumeni 2550 kwa jumla. Kifuniko chake ni cheupe kisichopenya macho, mwanga unatoka mbele na pembeni, na vipande vya LED vilivyo ndani havionekani kama nukta. Nilikataa taa zenye vioo angavu na balbu iliyo wazi ingawa ni nzuri zikiwa zimezimwa. Zikiwashwa kwenye usawa wa macho zinaumiza, na mtu hufumba macho kidogo badala ya kuona.

Maji nayo yana neno lake. Alama ya IP ina tarakimu mbili: ya kwanza inahusu vitu vigumu na vumbi, ya pili inahusu maji. IP44 maana yake ni kwamba kitu chenye unene wa zaidi ya milimita 1 hakiingii, na maji yanayorushwa kutoka upande wowote hayaleti madhara. Kanuni za IEC, yaani tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, katika sehemu ya 701 ya mfululizo wa 60364, hugawa bafu katika kanda kulingana na umbali kutoka kwenye beseni la kuogea au manyunyu, na kanda ya pili hufika sentimita 60 nje ya kanda ya kwanza. Manyunyu yetu yako upande wa pili wa chumba, mbali na kanda hizo, lakini nimechukua IP44 hata hivyo kwa sababu mvuke haujui mpaka. Kila nchi ina masharti yake juu ya haya, na fundi umeme mwenye leseni ndiye anayeyajua ya kwake. Kazi hii si ya kujifanyia mwenyewe. Saketi nzima ya bafu italindwa na kikata umeme kinachozima umeme uvujao ukifika miliampia 30.

Nilitaka pia swichi ya kupunguza mwanga, kwa ajili ya usiku. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu swichi za zamani zilitengenezwa kwa balbu za waya na nyingi hutaka mzigo wa wati 40 au 60 ili zifanye kazi vizuri, na taa zetu tatu zote pamoja ni wati 30 tu. Matokeo yake huwa taa zinazopepesa au zisizozimika kabisa. Tumechagua swichi iliyotengenezwa kwa LED, iliyomo kwenye orodha ya mtengenezaji wa taa. Kabla ya kuikubali tuliiunganisha mezani pamoja na taa moja, tukaishusha hadi chini, kisha tukaitazama kupitia kamera ya simu. Mistari myeusi inayopita kwenye picha ni dalili ya kupepesa ambako jicho halikuoni moja kwa moja lakini kichwa hukusikia. Mistari haikuonekana.

Vioo vyenye taa ndani yake tulivitazama kwa makini, kwa kuwa vinapunguza kazi ya nyaya. Vile vyenye mwanga unaotoka nyuma vinaangaza ukuta, wala si uso, na vinafaa kama pambo. Vile vyenye ukanda wa mwanga upande wa mbele ni bora. Kilichonizuia ni kwamba LED zake zikifa, mara nyingi kioo kizima huondolewa, na baada ya miaka kadhaa ukubwa ule ule huenda haupatikani tena. Kabati lenye mlango wa kioo nalo tuliliacha kwa sababu nyingine: linatokeza sentimita 12 hadi 15 kutoka ukutani, na taa iliyofungwa ukutani pembeni yake inafichwa na ubavu wa kabati.

Kioo

Tangu mkemia Mjerumani Justus von Liebig alipoonyesha mwaka 1835 namna ya kupaka fedha nyuma ya bapa la kioo, adui wa kioo cha bafuni amebaki yuleyule, unyevu. Fedha hiyo ni utando mwembamba sana unaolindwa na rangi nyuma yake, na maji yakipenya kwenye ukingo, doa jeusi huanza pale na kutambaa kuelekea katikati. Kwa hiyo nilichokagua zaidi ni kingo. Zimesuguliwa zikawa laini, zimezibwa kwa rangi ya kinga, na utando wa nyuma ni wa aina isiyo na shaba, inayostahimili unyevu vizuri zaidi.

Unene ni milimita 5. Kioo huwa na uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo kila kipande cha sentimita 60 kwa 85 kina kilo 6.4 hivi. Uzito huo unabebwa bila shida na vishikizo vya chuma kisichoshika kutu. Kioo chembamba zaidi kingekuwa chepesi, lakini hupinda kidogo ukuta usipokuwa umenyooka, na uso unaonekana umevutwa. Kabla ya kupokea vipande hivi nilisimama ubavuni mwake na kutazama mstari wa dirisha ulioakisiwa: ulipita ukiwa umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaweka karatasi nyeupe mbele yake na kulinganisha na taswira yake. Kioo cha kawaida kina chuma kidogo ndani yake na kinaipa karatasi ukijani hafifu. Kile chenye chuma kidogo zaidi kinaiacha nyeupe. Tumechukua hicho cha pili, baada ya kazi yote iliyofanyika kutafuta taa zisizodanganya rangi.

Nyaya zimelazwa, vigae vimepanda

Jambo moja nilisimamia mwenyewe: taa zilikuwa mkononi kabla fundi umeme hajachimba ukuta. Kitovu cha taa na mahali waya unapoingilia si lazima viwe sehemu moja. Kwenye taa zetu bamba la nyuma liko sentimita 7 chini ya kitovu, kwa hiyo ili taa ikae kwenye 160, waya unatoka kwenye 153. Visanduku vya umeme vimewekwa vikitokeza kidogo kwenye plasta, kwa unene wa kigae pamoja na gundi yake, ili midomo yake ilingane na uso wa kigae.

Fundi vigae alianza kupanga kutoka katikati ya ukuta, kwenye sentimita 90. Tundu la taa ya katikati limeangukia katikati ya kigae, na yale ya pembeni hayakugusa mistari ya grauti. Vigae si vya kung’aa, kwa sababu ukuta wa kung’aa ungeonyesha taswira za taa ambazo hatuzihitaji.

Kufunga

Jiwe la meza limewekwa, sinki zimekaa kwenye 48 na 132, na mabomba yamepimwa tena kabla ya kutoboa. Taa zimefungwa kwanza, zikawashwa, kisha vioo. Kila kioo kimekaa juu ya vishikizo viwili chini na viwili juu, na kati yake na kigae tumeacha milimita chache za hewa, pamoja na matone ya silikoni kwa ajili ya kukituliza kisitikisike. Silikoni iliyotumika ni ile isiyo na tindikali. Ile yenye harufu ya siki hutoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo hula fedha ya nyuma ya kioo.

Mke wangu alisimama upande wa kulia na mimi wa kushoto. Nilishusha kidevu, nikageuza shavu moja kisha la pili, nikatafuta kivuli chini ya pua. Kipo, hafifu, na sehemu ya chini ya taya inasomeka vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa msaada wa jiwe jeupe la meza. Kutoka kwenye nafasi yake yeye anaona utosi na kola bila kunyanyuka. Taa ya katikati haimwumizi macho yeyote kati yetu.

Yamebaki machache. Fundi umeme atarudi kujaribu kikata umeme na kuweka kiwango cha chini cha swichi ya kupunguza mwanga ili taa zisizime ghafla zikishushwa. Kingo za chini za vioo zitakaguliwa baada ya manyunyu kutumika kwa muda, na kusafisha kutafanywa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, bila dawa zenye amonia na bila kupulizia maji kwenye kioo chenyewe, kwa kuwa yanayotiririka hukusanyika kwenye ukingo wa chini. Kwenye orodha ya kazi zijazo nimeongeza feni ya kutoa mvuke yenye kipima unyevu, ambayo waya wake umeshalazwa darini.